Kubadilisha prosesa ya laptopu ya zamani: ipi inakubali, ipi inakataa

Laptopu ikianza kujivuta, ushauri wa kwanza atakaopewa mwenye nayo huwa ule ule: "Peleka kwa fundi akuwekee i7." Ushauri unaingia akilini, kwa sababu prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta, na kibandiko cha i7, daraja la juu la prosesa za kampuni ya Intel, kina heshima yake sokoni. Lakini laptopu nyingi kati ya hizi zilizotumika maofisini Ulaya na Marekani kisha zikaletwa kuuzwa Kariakoo au katikati ya Nairobi hazibadilishwi prosesa, fundi awe hodari namna gani. Na hata zile zinazokubali, wengi wa wenye nazo wangepata nafuu kubwa zaidi kwa hela kidogo wakianzia kwingine. Nalisema hili mapema kwa sababu linaniuma kuona mtu amedunduliza, amelipa, halafu mashine imerudi ikiwa vile vile.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya prosesa, uliza kwanza mashine inakwama wapi. Kwenye Windows, fungua zile programu zinazokutesa, ziache zifanye kazi, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager, nenda kwenye ukurasa wake wa utendaji. Hapo utaona prosesa, RAM (kumbukumbu ya muda ya vitu ulivyofungua) na diski, kila kimoja na asilimia yake. Diski ikiwa imeganda kwenye asilimia 100 huku prosesa iko 15 au 20, prosesa yako haina kosa: imekaa inasubiri. Hivyo ndivyo zilivyo laptopu nyingi ambazo bado zina diski ya kuzunguka. Diski hizo zina sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachopaswa kusafiri hadi mahali faili lilipo. Windows ikitaka vipande mia moja vya faili vilivyotawanyika, kichwa kinahangaika huku na huku, nawe unaona kiduara kinazunguka kwenye kioo. SSD, diski inayohifadhi kwenye chipu, haina kitu kinachosogea. Ukiiweka, mashine ile ile, kwa prosesa ile ile, itawaka na kufungua programu kwa namna ambayo i7 yoyote isingeweza kukupa.

RAM nayo ikiwa imejaa hadi asilimia 90 na zaidi, tatizo ni jingine tena. Kompyuta ikikosa nafasi kwenye RAM huanza kuhamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha, na kazi hiyo inachosha kila kitu. Mwenye RAM ya GB 4 anayefungua kurasa kumi za intaneti pamoja na faili la Word anahitaji kufika GB 8 kabla ya kuwaza lolote jingine.

Ni pale tu prosesa inapokaa asilimia 100 kwa muda mrefu, huku diski na RAM vimetulia, ndipo unaweza kusema prosesa imezidiwa. Hata hapo angalia jambo moja ambalo watu hulipita: kasi yake kwa GHz, inayoandikwa hapo hapo chini ya grafu. Prosesa iliyotengenezwa kukimbia GHz 2.6 ikiwa imebanwa kwenye 0.8 wakati ina kazi nyingi, kuna kitu kimeishika breki. Huenda ni joto: feni imejaa vumbi, au grisi ya joto iliyopakwa kiwandani miaka kumi iliyopita imekauka ikawa unga. Huenda ni chaja. Kuna laptopu za Dell ambazo zisipoitambua chaja, zinapunguza kasi ya prosesa kwa makusudi na kukataa kuchaji betri, na ujumbe wa onyo huonekana kwa muda mfupi tu wakati wa kuwasha. Mtu ananunua chaja ya bei poa barabarani, laptopu inakuwa kobe, na yeye anaambiwa prosesa imezeeka.

Tuseme basi umepima yote hayo na kweli prosesa ndiyo inayokwamisha. Unahariri video, unatengeneza muziki wenye sauti nyingi, au unaendesha mashine pepe (kompyuta ya kubuni inayofanya kazi ndani ya kompyuta yako) kwa ajili ya masomo ya mitandao. Swali linalofuata ni la umbo: prosesa yako imekaaje kwenye bodi?

Ziko za aina mbili. Ya kwanza ina mamia ya pini nyembamba chini yake, na inakaa kwenye soketi. Ukilegeza kifungo cha soketi, inanyanyuka kwa vidole. Ya pili haina pini. Chini yake kuna vijitone vya lehemu vilivyoyeyushwa moja kwa moja kwenye bodi, kwa hiyo prosesa na bodi ni kitu kimoja. Kwa Intel, laptopu zenye soketi zilifikia mwisho na kizazi cha nne, kile cha mwaka 2013 kinachoitwa Haswell. Kuanzia kizazi cha tano, prosesa za Intel za laptopu zote zinachomelewa. Wepesi na wembamba ndio uliosukuma mabadiliko hayo: mwaka 2011 Intel ilianza kuhimiza laptopu nyembamba ilizoziita Ultrabook, na soketi inakula milimita ambazo watengenezaji walikuwa wanazigombania. Zipo laptopu chache nzito zilizotumia prosesa za kompyuta za mezani, lakini hizo huzikuti kwa urahisi.

Usidanganyike kwamba kizazi cha nne au cha tatu maana yake ni soketi. HP EliteBook 840 G1 ni ya kizazi cha nne, nayo ni miongoni mwa laptopu zinazoonekana sana huku kwetu. Ndani yake kuna prosesa kama i5-4300U, na hiyo U ya mwisho ndiyo inayokuambia habari yote: ni prosesa ya wati 15, imechomelewa. Herufi za mwisho zinasema mengi kuliko i5 au i7 ya mwanzo. Katika kizazi cha nne, M ni ya viini viwili (kiini ni sehemu ya prosesa inayofanya hesabu yenyewe) na inakaa kwenye soketi, MQ ni ya viini vinne na inakaa kwenye soketi, HQ ni ya viini vinne lakini imechomelewa. Kwenye kizazi cha pili na cha tatu, viini vinne viliandikwa QM. Hapo pana mtego mdogo, maana baadhi ya prosesa za M na QM za vizazi hivyo viwili zilitengenezwa kwa namna zote mbili, yenye pini na ya kuchomelea, kwa jina lile lile.

Njia ya uhakika ya kujua bila kufungua skrubu hata moja ni programu ya bure inayoitwa CPU-Z. Iendeshe, tazama mstari wa Package. Ukiona rPGA, prosesa ina pini na iko kwenye soketi. Ukiona BGA, imechomelewa. Maliza hapo.

Au karibu umalize, kwa sababu kuna fundi atakayekuambia kwamba kwa mashine ya hewa ya moto BGA inang'oka na nyingine inawekwa. Ni kweli, inang'oka. Lakini bodi inapashwa joto la kuyeyusha lehemu, vijitone zaidi ya elfu moja vinatakiwa kukaa sawasawa, na kimoja kikikosea una bodi iliyokufa. Halafu faida yenyewe iko wapi? Chukua hiyo 840 G1. Juu ya i5-4300U kuna i7-4600U. Zote zina viini viwili, zote wati 15. Ya kwanza inaanzia GHz 1.9 na kupanda hadi 2.9, ya pili inaanzia 2.1 na kupanda hadi 3.3. Kuhatarisha bodi nzima kwa tofauti hiyo ni hasara iliyo wazi, na fundi mwaminifu atakukatalia.

Kwa mwenye soketi, mlango umefunguka nusu tu. Prosesa kuingia kwenye soketi hakumaanishi bodi itaikubali. Vizazi viwili vya mwanzo vya Core i (yaani i3, i5 na i7) vina soketi zinazofanana kwa macho na zote zina matundu 988, lakini ya kizazi cha kwanza na ya kizazi cha pili haziingiliani kabisa. Kizazi cha pili na cha tatu vinatumia soketi moja, na hapo ndipo watu wanapotumbukia. Chukua Lenovo ThinkPad T420, ambayo ni ya kizazi cha pili. Ukinunua prosesa ya kizazi cha tatu, itakaa vizuri, kifungo kitajifunga, na mashine haitawaka, kwa sababu BIOS ya kiwandani haikuandikwa kuijua. Hiyo ni BIOS, ile programu ndogo iliyo ndani ya bodi inayoamka kabla ya Windows na kuitambulisha prosesa kwa vifaa vingine. Wako waliobadilisha BIOS ya T420 kwa nyingine ya kutengeneza wenyewe na wakafanikiwa, lakini hiyo ni kazi ya mtu anayejua kusoma na kuandika chipu ya BIOS kwa kifaa cha nje. Kwa mtu wa kawaida kanuni ni rahisi: baki kwenye kizazi chako. Panda kutoka i3 kwenda i5, au kutoka viini viwili kwenda vinne, lakini namba ya kizazi isibadilike. Ndiyo tarakimu ya kwanza baada ya kistari: i5-2520M ni ya pili, i5-3320M ni ya tatu, i5-4300M ni ya nne.

Kisha joto na umeme. Kila prosesa ina kiwango cha wati ambacho kipoza joto chake lazima kiweze kukiondoa. Prosesa za M za kizazi cha pili na cha tatu nyingi ni za wati 35, za kizazi cha nne wati 37. Za viini vinne huwa 45 au 47. Laptopu iliyotoka kiwandani na viini viwili ina bomba la shaba na feni vilivyopimwa kwa wati hizo, na ukiiwekea ya 47 haitalipuka, ila ikifika karibu na nyuzi 100 itajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Umelipia viini vinne, unatumia vitatu. Ndiyo maana wenye ThinkPad T430 wanaitafuta sana i7-3632QM: ina viini vinne lakini ni ya wati 35, sawa na prosesa inayoiondoa.

Kati ya zote ninazozijua, laptopu iliyo rahisi na yenye tija zaidi kwa kazi hii ni ThinkPad T440p. Ni ya kizazi cha nne, ina soketi, na Lenovo wenyewe waliiuza ikiwa na viini viwili au vinne, kwa hiyo BIOS inazijua zote. Nyingi zinazofika sokoni zina i5-4300M. Ukiiweka i7-4700MQ unatoka viini viwili kwenda vinne, na kwa kuwa kila kiini kinabeba kazi mbili kwa wakati mmoja, Windows itaona nane badala ya nne. Lakini tazama kasi: i5 inaanzia 2.6 na kufika 3.3, i7 inaanzia 2.4 na kufika 3.4. Kwa kazi inayotumia kiini kimoja, na kazi nyingi za kila siku ndivyo zilivyo, hutaona tofauti ya maana. Kwa kazi inayogawanyika, kama kutoa video iliyohaririwa, utakaribia kupunguza muda kwa nusu. Ukiona mtu anauza i7-4600M kwa bei ya juu kwa sababu tu ni i7, kumbuka kwamba hiyo ina viini viwili, sawa na i5 uliyonayo.

Kabla ya kugusa bisibisi, sasisha BIOS kwa faili kutoka tovuti ya mtengenezaji. Hakikisha betri imejaa na chaja imechomekwa, maana umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo wakati betri imekufa, bodi inaweza isiamke tena. Baadaye zima mashine kabisa, chomoa chaja, toa betri, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache umeme uliobaki utoke. Shika kitu cha chuma kilichogusa ardhi ili mwili wako usiwe na umeme tuli.

Kifuniko cha chini cha T440p kinashikwa na skrubu mbili tu. Ukikitelezesha na kukinyanyua utaona RAM, diski, feni na bomba la shaba, vyote mbele yako. Chomoa waya wa feni kwa kushika plagi yake, usivute waya wenyewe. Legeza skrubu za kipoza joto kwa mtindo wa kukingamana, kidogo hapa, kidogo upande wa pili, ili shinikizo litoke sawa. Kipoza kikigoma kunyanyuka ni grisi ya zamani imenata. Kizungushe taratibu kushoto na kulia hadi kiachie. Usikinyanyue kwa nguvu.

Chini yake iko prosesa, kibamba cha kijani chenye kioo kidogo cheusi kinachong'aa katikati. Pembeni mwa soketi kuna skrubu ya plastiki na alama mbili za kufuli, moja iliyofungwa na moja iliyofunguliwa. Izungushe kwa bisibisi bapa hadi kwenye kufuli lililofunguliwa, utaisikia imelegea. Nyanyua prosesa wima. Kwenye kona moja kuna pembetatu ndogo ya rangi ya dhahabu. Soketi nayo ina alama kwenye kona inayolingana. Linganisha kona hizo mbili na uiache prosesa mpya ishuke kwa uzito wake. Isiposhuka, kuna pini imepinda au umeigeuza. Usiisukume hata kidogo, kwa sababu pini moja ikivunjika ndiyo basi. Ikishatulia bapa bila kuyumba, zungusha skrubu hadi kwenye kufuli lililofungwa.

Futa grisi ya zamani kwenye shaba kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti kali, kisha weka grisi mpya kiasi cha punje ya mchele katikati ya kile kioo. Nyingi haisaidii, inamwagika pembeni tu. Rudisha kipoza kwa ule mtindo wa kukingamana, rudisha waya wa feni. Huo usisahau, kwa sababu mashine ikikuta feni haizunguki itakataa kuendelea kuwaka. Mara ya kwanza inaweza kukaa na kioo cheusi kwa muda kabla ya kuonyesha chochote, ipe nafasi. Ikiwaka, ingia BIOS uone jina la prosesa mpya, kisha kwenye Windows endesha HWMonitor au programu nyingine ya kupima joto huku mashine ikifanya kazi nzito. Nyuzi 80 hadi 90 kwenye kazi nzito ni kawaida kwa prosesa hizi. Ikifika 100 ndani ya sekunde chache na kasi ikaanguka, kipoza hakijakaa vizuri, fungua tena. Na kama ulikuwa unatumia chaja ya wati 65, tafuta ya 90.

Kuhusu kununua prosesa yenyewe: hizi hazitengenezwi tena, kwa hiyo kila utakayoikuta imetoka kwenye mashine nyingine au kwenye mzigo wa zamani. Omba kuiona kabla ya kulipa. Igeuze kwenye mwanga, tazama mistari ya pini kwa pembe. Zikiwa nzima zinaonekana zimenyooka kama shamba lililopandwa kwa kamba, na iliyopinda inajitokeza mara moja. Soma maandishi yaliyochorwa juu yake. Ukikuta "Intel Confidential", hiyo ni ya majaribio, haikutolewa kwa ajili ya kuuzwa, na BIOS yako inaweza kuikataa. Prosesa yako ya zamani usiitupe wala usimwachie fundi kama sehemu ya malipo hadi mpya imefanya kazi wiki kadhaa.

Limebaki jambo ambalo wauzaji hawalitaji, nalo lingepaswa kutangulia kwenye kila mazungumzo ya bei. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa kuongeza masasisho ya usalama kwa watumiaji binafsi unafika Oktoba 2026. Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane, ukiacha chache za kizazi cha saba. Kati ya prosesa za soketi tulizozizungumzia hakuna hata moja inayofika huko, na bodi zao haziwezi kuzibeba zinazofika. Maana yake ni kwamba ukiweka i7 kwenye laptopu ya kizazi cha nne, umeiongezea nguvu lakini hujaivusha. Zipo njia za kuilazimisha Windows 11 iingie, ila mashine isiyo kwenye orodha haina ahadi ya kuendelea kupata masasisho, na sitamshauri mtu anayefanyia kazi za benki humo kuitegemea.

Kwa hiyo hesabu inakuwa hivi. Kama unahitaji Windows 11 kwa ajili ya kazi, usitie hela kwenye prosesa ya zamani. Zikusanye kuelekea laptopu ya kizazi cha nane, kama EliteBook 840 G5 yenye i5-8250U au ThinkPad T480. Hicho ndicho kizazi ambacho hata prosesa za U za wati 15 zilianza kupata viini vinne, kwa hiyo utapata ulichokuwa unakitafuta kwenye i7 ya T440p bila kufungua kitu. Kama huna ulazima huo, na T440p yako au Dell Latitude E6440 yako ni nzima, weka kwanza SSD, kisha RAM, kisha MQ kama kazi zako zinagawanyika, na uwekee Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows. Mint inazijua prosesa hizi vizuri, inapata masasisho bure, na LibreOffice inayokuja nayo inafungua mafaili ya Word na Excel. Mpangilio wa kurasa unaweza kusogea kidogo, kwa hiyo unapomtumia mtu barua ya kazi itume ikiwa PDF.